Chapa ya Danjūrō ya 1725: namna ya kuipima kabla hujaweka dau

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Mombasa na ninakusanya michoro ya Asia kwa uwezo wangu mdogo. Kwenye mnada mmoja wa mtandaoni huko Ulaya inauzwa chapa ya Kijapani, yaani picha iliyochapwa kwa ubao wa mti: mwanamume amesimama, panga mbili kiunoni, karatasi nyembamba ya kama sentimita 33 kwa 15. Kwenye mkono wa vazi lake kuna miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Mshipi ni mweusi wa kung'aa, kuna chembechembe za rangi ya dhahabu, na kuna rangi ya waridi iliyokolea kana kwamba imepakwa juzi. Katalogi inasema huyu ni mwigizaji Ichikawa Danjūrō wa pili, mchoraji ni Torii Kiyonobu, mwaka ni 1725 hivi, na rangi zimepakwa kwa mkono. Nitajuaje kama ni kweli? Mbona sura za waigizaji hawa wa zamani zote ni ile ile? Na nikiipata, naitunzaje katika hewa ya huku?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo ya katalogi yanaoana yenyewe kwa yenyewe, na hilo si jambo dogo, maana chapa nyingi huangukia hapo hapo. Kipimo, aina ya rangi, jina la mwigizaji na jina la mchoraji vyote vinaweza kukutana mwaka 1725. Kinachonisimamisha ni ile waridi. Ndiyo rangi inayopauka upesi kuliko zote katika chapa hizi, na ndiyo ambayo mtu wa baadaye hushawishika zaidi kuirudishia. Kwa hiyo swali lako ni mawili: je, mistari myeusi ni ya wakati huo, na je, rangi ni za wakati huo? Jibu la swali la kwanza linaweza kuwa ndiyo na la pili hapana.

Tuanze na jinsi zilivyotengenezwa, kwa sababu vipimo vyote vinatoka humo. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, uliopasuliwa kwa kufuata urefu wa nyuzi za mti, akakata kwa kisu pande zote mbili za kila mstari, kisha akaondoa kwa patasi mbao za katikati ili mistari ibaki imeinuka. Mchoro wa asili uliishia hapo. Ulikatwakatwa pamoja na ubao. Mchapaji akapaka wino ubaoni, akalaza juu yake karatasi yenye unyevu iliyotengenezwa kwa nyuzi za mforsadi wa karatasi, akaisugua mgongoni kwa bareni, yaani kisahani kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Hadi miaka ya 1740 kazi ya ubao kwa kawaida ilikwisha na weusi tu. Rangi zote ziliwekwa kwa brashi, karatasi moja moja, kwa kasi, maana chapa hizi zilikuwa bidhaa za bei nafuu za kuuzwa wakati mchezo ungali jukwaani. Ndiyo maana nakala mbili za ubao mmoja hazilingani rangi, na tofauti hiyo peke yake haithibitishi udanganyifu.

Rangi zilibadilika kwa awamu, nazo ndizo kalenda yako. Kuanzia miaka ya 1690 hadi karibu na 1720 iliyotawala ni tan, risasi nyekundu ambayo ikiwa mpya ni ya rangi ya chungwa. Chapa hizo huitwa tan-e, na nyingi ni kubwa, zikifika sentimita 55 kwa 32 hivi. Baadaye ikaingia beni, waridi inayotolewa kwenye maua ya mmea wa miiba wa jamii moja na alizeti: petali huoshwa ziachie umanjano, ndipo wekundu unatolewa kwa maji ya majivu. Katika miaka ya 1720 na 1730 wachapishaji wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, waliongeza gundi ya wanyama kwenye weusi wa nywele, mishipi na kola ili ung'ae, na wakanyunyiza unga wa shaba iliyochanganywa na zinki juu ya gundi. Hizo ndizo urushi-e. Kwa kawaida zilitoka katika umbo jembamba liitwalo hosoban, ambalo ndilo kipimo chako. Miaka ya mwanzo ya 1740 mbao za rangi zikaanza kutumika, waridi na kijani, kwa msaada wa kento: alama mbili zinazochongwa ukingoni mwa ubao, moja ya kona na moja iliyonyooka, ambapo karatasi huegemezwa ili kila rangi ianguke mahali pake. Mwaka 1765 zikaja chapa za rangi nyingi zinazofungamanishwa na jina la mchoraji Suzuki Harunobu, na enzi ya brashi ikafungwa.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya chapa inayodaiwa kuwa ya 1725 ni hili: rangi imepakwa au imechapwa? Chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Rangi ya brashi hukolea pale mpako mmoja ulipopanda juu ya mwingine, huacha ukingo mweusi kidogo palipotuama maji, na huvuka mstari bila kujali. Rangi ya ubao imelala sawa, ina kingo kali, na ikikosea, hukosea eneo zima kwa kusogea upande mmoja. Ukikuta waridi na kijani zilizochapwa, mwaka 1725 hauwezekani, hata saini isomeke vipi. Na ukikuta vidoti vidogo vilivyopangwa kwa mistari, hiyo ni picha ya mashine ya kisasa. Usipoteze muda zaidi.

Sasa mshipi. Weusi wenye gundi ni safu nene inayokaa juu ya karatasi. Ukiwasha tochi kutoka pembeni, karibu kabisa na usawa wa meza, utauona umeinuka kidogo. Baada ya miaka mia tatu gundi hukauka na kupata nyufa nyembamba mno, na karatasi ilipokunjwa nyufa hufuata mkunjo na vipande hubanduka. Mng'ao usio na ufa hata mmoja juu ya karatasi iliyochakaa na kukunjikakunjika haupatani na hali ya karatasi yenyewe. Chembe za shaba nazo zisiwe za kupendeza sana. Chini ya lenzi ziwe za ukubwa mchanganyiko, zimezama ndani ya gundi, na nyingi zimefifia zikawa za hudhurungi au zimeota ukijani. Chembe zote zikimeta kwa usawa, uliza.

Waridi ina vipimo vyake. Beni huuawa na mwanga: kwanza hupauka, kisha hubaki kama majani makavu. Lakini zipo nakala zilizokaa ndani ya albamu miaka yote na rangi yao ni ya ajabu, kwa hiyo ukolevu peke yake si ushahidi wa kosa. Ushahidi uko kwenye majeraha ya karatasi. Chapa ya umri huu aghalabu ina matundu ya wadudu, mikunjo na michubuko. Rangi ya zamani ililiwa pamoja na karatasi, kwa hiyo ukingo wa tundu utakuwa mkavu na safi, kama vile mtu amekata kwa sindano. Rangi iliyopakwa baada ya tundu hunyonywa na nyuzi za ukingo, hukolea pale, na wakati mwingine huacha doa kwenye karatasi ya kiraka iliyo nyuma. Ndivyo ilivyo kwenye mkunjo: rangi ya zamani imevunjika na kuacha mstari mweupe, ya baadaye imetiririka ndani ya mfereji na kuujaza. Tafuta pia mahali ambapo waridi imepita juu ya doa la maji au uchafu.

Kisha geuza karatasi. Wino wa ubao uliosuguliwa kwa nguvu hupenya, na mgongoni utaona kivuli cha mistari pamoja na alama za msuguo wa bareni. Waridi iliyopauka mbele mara nyingi imebaki hai nyuma, kwa kuwa upande huo haukuona mwanga. Hali ya kinyume, mbele inawaka na nyuma hakuna hata dalili, haihukumu kesi peke yake, lakini ikiungana na ukingo wa tundu uliokolea, mimi ningeacha. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya mgongo amekwisha kukupa sehemu ya jibu.

Nikirudi kwenye sura: wachoraji wa ukoo wa Torii hawakukusudia sura ifanane na mtu. Torii Kiyomoto alikuwa mwigizaji wa Osaka aliyehamia Edo mwaka 1687 na kuchora mabango ya kumbi za kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Mwanawe Kiyonobu, aliyezaliwa 1664, aliileta lugha ya mabango ndani ya chapa, na ukoo huo umeendelea na mabango ya kabuki hadi karne hii. Bango lazima lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Macho yakachorwa kwa alama chache, nguvu ikapelekwa kwenye mwili. Hiyo iliendana na uigizaji wa kishujaa, wa mikao mikali na sauti kubwa, ambao Danjūrō wa kwanza aliutangaza Edo kabla hajachomwa kisu na mwigizaji mwenzake ukumbini mwaka 1704.

Kiyomasu, wa ukoo huo huo, ana chapa kubwa ya tan-e iliyoko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Danjūrō, katika nafasi ya Soga Gorō, shujaa wa masimulizi ya Kijapani, anang'oa mwanzi mzima. Tazama mguu: paja limevimba, limebanwa gotini, shavu la mguu limevimba tena, umbo ambalo Wajapani wanaliita miguu ya vibuyu. Tazama mstari: unanenepa, unakonda, unanenepa tena ndani ya pindo moja. Mchongaji alilazimika kuugeuza mkono kila nusu sentimita ili kuutunza unene huo ubaoni. Hapo ndipo nakala za karne ya 20 hujifichua. Mistari yao ni sahihi mahali pake lakini imekakamaa, unene wake haubadiliki au unabadilika kwa ghafla, kwa sababu mchongaji alikuwa akifuata picha ya mstari badala ya mwendo wa brashi. Fananisha chapa yako na picha kubwa za makumbusho kwa mikunjo ya vazi, hasa pale mstari unapoisha. Mwisho wa mstari ndio mgumu kuiga.

Wateja wa Edo walimtambua mwigizaji kwa nembo na jina. Miraba mitatu iliyoingiana ni nembo ya akina Danjūrō. Lakini jina hilo ni la kurithi, na wanafunzi wa ukoo walivaa nembo hiyo au iliyorekebishwa kidogo, hivyo jina lililoandikwa pembeni ni lazima lisomwe na mtu anayejua maandishi ya wakati huo. Danjūrō wa pili alishika jina tangu 1704 hadi 1735, kisha akaitwa Ebizō. Wa tatu akalishika hadi alipofariki 1742. Baada ya hapo hapakuwa na Danjūrō hadi 1754. Kwa hiyo nembo hii pamoja na jina Ebizō inakuleta 1735 au baadaye, na nembo hii pamoja na jina Danjūrō katika chapa inayodaiwa kuwa ya 1748 ni kosa la wazi. Waigizaji wengine wana mipaka kama hiyo: Segawa Kikunojō wa kwanza, mwigizaji mkuu wa nafasi za kike, alifika Edo mwaka 1730, basi chapa ya Edo ya 1725 haiwezi kumwonyesha kwenye jukwaa la huko.

Kwenye vazi hilo hilo kuna tabaka la pili la alama, la mhusika. Vipepeo, wale wadudu wenye mabawa, ni wa Soga Gorō. Ndege wadogo wa pwani ni wa kaka yake, Jūrō. Michezo ya ndugu hao ilikuwa desturi ya mwezi wa kwanza huko Edo. Mikataba ya waigizaji ilikuwa ya mwaka mmoja, ikianza mwezi wa kumi na moja kwa onyesho la kutambulisha kundi jipya la ukumbi. Ukiunganisha nembo, mhusika na jina, mtafiti anaweza kufungua orodha za maonyesho na vile vitabu vya kila mwaka vya kuwapima waigizaji, akafika hadi ukumbi na mwezi. Mwulize muuzaji ni mchezo gani. Akijibu kwa jina la ukumbi, mwezi na mwaka, anajua anachouza. Akibaki na “1725 hivi”, yawezekana tarehe ilikisiwa kwa aina ya rangi tu. Si dhambi, ila bei ifuate.

Kidokezo kwa chapa nyingine utakazokutana nazo: kwenye kabuki wanawake walipigwa marufuku 1629 na vijana 1652, na waigizaji wanaume wakalazimika kunyoa mbele ya kichwa. Wale wa nafasi za kike walifunika sehemu hiyo kwa kitambaa cha zambarau. Ukiona “mwanamke” mwenye kitambaa kidogo juu ya paji la uso, huyo ni mwigizaji mwanamume, hata kama katalogi imeandika mrembo wa Edo. Kufanana kwa sura halisi kulianza kushika kasi na wachoraji Katsukawa Shunshō na Ippitsusai Bunchō, hasa kitabu chao cha 1770 kilichowaweka waigizaji ndani ya maumbo ya mapepeo. Mchoraji Sharaku, ambaye watu wengi humfahamu, ni wa 1794 na 1795, mbali kabisa na dunia ya chapa yako.

Saini ya Kiyonobu inahitaji tahadhari. Kiyonobu wa kwanza alifariki 1729, na wa pili alikuwa tayari kazini miaka ya 1720 akitumia jina lile lile. Chapa ya 1725 inaweza kuwa ya yeyote kati yao, na wataalamu hugawana kwa kuangalia mkono wa maandishi na mtindo. Katalogi ikikutoza bei ya Kiyonobu wa kwanza, idai sababu. Angalia pia mihuri. Muhuri wa mchapishaji, kwa mfano Igaya au Urokogataya, ni jambo la kawaida kwenye chapa za wakati huo. Muhuri wa duara wa wakaguzi wa serikali, usomekao kiwame, ulianza karibu 1790. Ukiuona ndani ya chapa inayoitwa ya 1725, kuna jambo haliko sawa. Mihuri ya wakusanyaji wa baadaye, kwa kawaida nyuma au pembeni, haina ubaya.

Kabla ya kuweka dau omba picha tano: mbele nzima kwenye mwanga wa kawaida, mgongo mzima, mbele kwa mwanga wa kutoka pembeni, mshipi kwa karibu, na tundu au mkunjo wowote unaopita ndani ya waridi. Uliza kama imebandikwa juu ya karatasi nyingine na kama kingo zimekatwa. Chapa nyembamba hizi mara nyingi hupoteza milimita kadhaa, na ukato ukila jina au muhuri thamani hushuka sana. Kwa bei kubwa, maabara inaweza kupima madini kwa miale ya eksirei bila kugusa karatasi: risasi itaonyesha tan, shaba na zinki zitaonyesha ule unga. Beni haitaonekana kwa kipimo hicho, kwa sababu imetoka kwenye mmea.

Ukifanikiwa kuipata, adui wa kwanza Mombasa ni unyevu na wa pili ni mwanga. Makumbusho huonyesha karatasi za namna hii kwa mwanga wa takriban laksi 50 na kwa miezi michache tu, kisha huzirudisha gizani. Ukutani kwako, hata ukuta usiopigwa na jua, beni itaondoka. Iweke ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, ilale bapa ndani ya boksi linalofungika vizuri, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 45 hadi 55. Usiikaushe chini ya 40, maana gundi ya ule mshipi itapasuka na kuruka. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko joto lisilobadilika, kwa kuwa karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku na gundi haifuati. Fungua boksi mara moja kwa mwezi uangalie ukungu na wadudu. Gundi na wanga ni chakula chao.

Usioshe, usipanguse kwa kitambaa chenye maji, wala usijaribu kubandua karatasi ya nyuma: beni huyeyuka. Selotepu, gundi ya dukani na kulamineti ni hasara isiyorudishika. Kama ni lazima iwekwe kwenye fremu kwa muda, ishikwe juu kwa bawaba mbili ndogo za karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, izungukwe na kadibodi isiyo na asidi ili isiguse kioo. Iwapo kuna rangi ya chungwa popote, piga picha yake siku ya kwanza ukiwa na kadi ya rangi kando. Tan huenda ikageuka kahawia hadi nyeusi kutokana na hewa chafu, na bila picha ya mwanzo hutajua kama imegeuka ikiwa mikononi mwako au ilikuja hivyo.